Siasa Tunaiona Kila Siku: Kuna Nini cha Kutafiti?

Kijana wa Kericho au Bomet akifika mwaka wa nne chuo kikuu, akasema nyumbani kwamba sasa anaandika utafiti wa sayansi ya siasa, hukutana na swali lilelile. Baba analiuliza akivua gamubuti mlangoni. Mama analiuliza akichochea moto. Mjomba aliyechangia karo analiuliza kwa sauti zaidi: "Siasa si hii tunayoisikia redioni kutwa kucha? Kuna nini hapo cha kutafiti?"

Sioni kosa katika swali hilo. Karo imetoka kwenye majani chai, kilo kwa kilo, na aliyeilipa ana haki ya kujua imenunua nini. Akiambiwa mtoto anasomea udaktari, anajua atatibu. Akiambiwa uhandisi, anawaza madaraja. Lakini siasa? Pale kituo cha kununulia majani kila mtu ni bingwa wa siasa, na hakuna aliyeisomea.

Sura hii ni jibu kwa mjomba huyo na mwongozo kwa kijana mwenyewe. Twende kwanza kituoni.

Alasiri kwenye kituo cha majani

Wakulima wamefika na mifuko yao, wengine mgongoni, wengine kwa bodaboda. Majani yanamwagwa mezani na kukaguliwa: yanayotakiwa ni majani mawili na chipukizi, na yaliyokomaa sana yanatolewa kando. Karani anapima, mashine ndogo inatema risiti, mkulima anaikunja na kuitia mfukoni. Kisha watu wanangoja lori. Majani hayavumilii kungoja. Yakirundikwa muda mrefu yanashika joto na kuwa mekundu. Kwa hiyo lori likichelewa watu hukaa karibu na mali yao, na wakikaa wanazungumza.

Septemba na Oktoba mazungumzo ni bonasi. Bonasi ni malipo ya mwisho wa mwaka wa chai: mkulima hulipwa kiasi fulani kwa kila kilo mwezi baada ya mwezi, halafu kiwanda kikishauza na kutoa gharama, kinachobaki hugawiwa. Swali linalowaumiza watu wa huku linajulikana. Kwa nini mkulima wa upande wa Mlima Kenya hupata bonasi kubwa kuliko sisi wa magharibi ya Bonde la Ufa, na sote tuko chini ya KTDA, shirika lililoundwa 1964 kwa ajili ya wakulima wadogo?

Msikilize kila mmoja. Wa kwanza anasema chai yetu inauzwa bei ya chini kwenye mnada wa Mombasa. Wa pili anasema wakurugenzi wa kiwanda wanakula. Wa tatu anasema sisi wenyewe tunachuma majani mabaya. Wa nne anasema ni serikali. Majibu ni manne, na kila mmoja anaapa kwamba lake ndilo. Lori linafika, majani yanapakiwa, watu wanatawanyika, na mwaka ujao majibu manne yatarudi yakiwa vilevile.

Hapo ndipo utafiti unapoanzia. Mtafiti anayachukua majibu yote manne kwa uzito uleule, kisha anauliza jambo ambalo kituoni halikuulizwa: kama jibu hili ni kweli, tungetarajia kuona nini? Kama wakurugenzi ndio tatizo, basi viwanda viwili jirani vinavyouza kwa bei inayokaribiana, vyenye wakurugenzi tofauti, vinapaswa kulipa tofauti. Chukua Kapkoros na Tirgaga, au Litein na Kapkatet, weka bei za mnada na gharama za viwanda kando kwa kando, halafu tazama. Kama pengo liko kwenye bei za Mombasa kabla senti haijafika kiwandani, mzee wa pili atabidi ampe wa kwanza haki yake, angalau kwa nusu ya hoja.

Jina la kitaalamu la jibu linalosubiri kupimwa namna hiyo ni nadharia tete. Mzee anayo tayari. Alichokosa ni mwaka mmoja wa kukaa chini kuipima, na huo ndio mwaka ambao karo ya mjomba imenunua.

Kwa ufupi: sayansi ya siasa huchunguza nani anaamua, nani anapata nini, na kwa nini wengine wanakubali. Bonasi ina yote matatu.

"Heshima" katika shahada ni nini?

Mwaka huo wa utafiti ni sehemu ya shahada. Shahada nyingi za kwanza katika vyuo vya Kenya huitwa za heshima, na hupangwa kwa madaraja: la kwanza, la pili juu, la pili chini, na kufaulu tu. Katika idara nyingi mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huandika mradi wa utafiti chini ya msimamizi, yaani mhadhiri anayemwongoza na kumkosoa. Marekani wana desturi tofauti kidogo. Huko utafiti wa heshima huwa ni hiari ya wanafunzi wachache wenye alama nzuri, huchukua karibu mwaka mzima, na mara nyingi mwandishi husimama mbele ya wahadhiri kuutetea. Kazi yenyewe iliyoandikwa, huku na huko, huitwa tasnifu.

Mengine ni majina tu. Pendekezo ni kurasa chache za kueleza utauliza nini na utajibuje. Mapitio ni kusoma waliokutangulia ili usirudie walichokwisha kukijibu. Sampuli ni watu wachache unaowachagua kwa uangalifu ili wakupe picha ya wengi, kama vile mpishi asivyohitaji kuonja sufuria nzima.

Swali kubwa huua utafiti

Kosa ninaloliona zaidi kwa vijana wa nchi ya chai ni kuchagua swali kubwa mno, na wanalichagua kwa mapenzi. Wanataka kuandika juu ya ardhi. Nani angewalaumu? Ukisimama barabara ya Kericho ukatazama ule ujani uliolala sawasawa hadi upeo wa macho, unatazama historia. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilitenga ekari zipatazo 25,000 hapa kwa maafisa wa Kiingereza waliolemazwa na vita, walime kitani. Mpango ule ulianguka baada ya miaka michache, na ardhi haikurudi kwa Wakipsigis, wenyeji wa hapa. Kampuni za chai, Brooke Bond na James Finlay, ziliingia miaka ya 1920. Mwaka 1934 sheria maalumu ilitungwa ili kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho ambao wakoloni waliuogopa, na familia nzima zikapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali pa malaria na mbung'o. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliilaumu Uingereza hadharani kwa kutowajibika, na 2022 malalamiko ya watu wa huku yakapelekwa kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Jambo hilo ni zito, na mimi naliona kama jeraha ambalo halijafungwa. Ndiyo maana sitaki kijana aliandikie kurasa 50 za maneno ya jumla. "Dhuluma za ardhi katika Kericho na Bomet" ni kazi ya maisha ya mtu. Mwaka mmoja unatosha swali kama hili: tangu kaunti zianze 2013, wagombea ugavana wa Kericho wameizungumziaje ardhi ya mashamba makubwa katika kampeni, na baada ya kushinda wakaifanyia nini? Hilo lina mwanzo na mwisho. Kuna magazeti, kuna kumbukumbu za bunge la kaunti, kuna hati za mahakama, na wengi wa waliokuwa mikutanoni bado wapo.

Mifano mitatu mingine ya maswali yanayotoshea mwaka:

1. Katika kiwanda kimoja cha wakulima, watu wanaonaje kura ya kumchagua mkurugenzi: ihesabiwe kwa hisa au kwa kichwa? Mwenye vichaka vingi anasema nini, na mwenye robo ekari anasema nini?

2. Juni 2008 ndege ilianguka Narok ikawaua Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet, na Lorna Laboso, mbunge wa Sotik. Septemba mwaka huohuo Beatrice Kones, mjane wa Kipkalya, alichaguliwa Bomet, na Joyce Laboso, dada yake Lorna, akachaguliwa Sotik. Joyce akawa naibu spika 2013 na gavana wa Bomet 2017, hadi kifo chake Julai 2019. Je, uchaguzi ule ulifungua njia kwa wanawake wengine, au ulifungua kwa familia zile tu?

3. Katika vituo vya kura vilivyo ndani ya mashamba makubwa, ambako wafanyakazi wengi wametoka kaunti nyingine, je, watu hujitokeza kupiga kura kwa kiwango sawa na vituo vya vijijini?

Swali la tatu nalipenda kwa sababu halihitaji hela. Uchaguzi wa 2022 ulikuwa na vituo 46,229, na IEBC, tume ya uchaguzi, iliweka kwenye tovuti yake fomu 34A za matokeo ya urais, kituo kwa kituo. Fungua moja. Ni karatasi moja: jina la shule, idadi ya waliojiandikisha, kura za kila mgombea, zilizoharibika, sahihi za mawakala, na mara nyingine alama ya kidole kilichoteleza kwenye wino. Kericho ina maeneobunge sita na Bomet matano. Huhitaji yote. Chagua Konoin na Belgut, chora jedwali, anza kuhesabu.

Theluthi moja ya mtu

Mjomba akiwa bado hajashawishika, msimulie kisa cha 31 na 47.

Bunge la kaunti ya Kericho lina wawakilishi 47: 30 waliochaguliwa na wadi na wengine walioteuliwa na vyama. Oktoba 2024 lilipiga kura kumbandua Gavana Erick Mutai. Sheria inataka theluthi mbili ya wote. Waliounga mkono walikuwa 31. Sasa piga hesabu: theluthi mbili ya 47 ni 31 na nukta tatu tatu. Mtu hagawanyiki vipande. Je, 31 wanatosha, au lazima wawe 32? Seneti ikakubali kwamba kiwango hakikufikiwa, na hoja ikafia hapo bila mashtaka yenyewe kusikizwa. Agosti 2025 bunge la kaunti lilimbandua tena, na mara hii pia Seneti haikumwondoa.

Redio ilizungumza kisa hiki kwa wiki nyingi. Nani alimsaliti nani, nani alilipwa, nani anajipanga kwa 2027. Yote yanawezekana. Lakini ndani yake kuna fumbo ambalo redio haikuligusa, nalo ndilo linalofaa tasnifu: gavana na wengi wa wawakilishi wale waliingia kwa chama kimoja. Vitabu vingi vya siasa vingekuambia chama humlinda wake. Kwa nini hapa hakikumlinda?

Tazama jinsi mwanafunzi anavyoweza kulifungua. Anaandika majina 47 kwenye jedwali. Mbele ya kila jina anaweka: amechaguliwa au ameteuliwa; ni muhula wa kwanza au la; wadi yake ilitengewa miradi gani katika bajeti; na alipiga kura vipi kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi. Kama waliogeuka ni wale ambao wadi zao ziliambulia patupu, basi ugomvi una sura ya mgawo wa fedha. Kama ni walioteuliwa, ambao hawana wadi ya kuwadai, basi tazama aliyewateua. Kama hakuna mpangilio wowote, hilo nalo ni jibu, na linapaswa kuandikwa kama lilivyo, hata likiumiza moyo baada ya miezi minane ya kazi.

Kisha anawahoji watu kumi au kumi na watano, wakiwamo waliokataa kugeuka. Hao husahauliwa sana. Ukiwauliza waasi peke yao, utapata sababu zinazosikika nzuri na hutajua kama wenzao walikuwa na sababu zizo hizo wakabaki.

Mwanafunzi mmoja wa Dar es Salaam

Wapo wanaodhani kazi ya shahada ya kwanza haiwezi kuwa na uzito. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanafunzi mmoja wa siasa na uchumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alisoma maandishi ya Frantz Fanon, daktari mzaliwa wa Martinique aliyedai kwamba mtawaliwa hupona unyonge wake anapomkabili mkoloni kwa nguvu. Wenzake walibishana juu ya Fanon mabwenini. Yeye alikwenda kaskazini mwa Msumbiji, katika maeneo yaliyokwisha kukombolewa na chama cha ukombozi cha FRELIMO, kutazama kama wakulima wa kule walibadilika kweli. Tasnifu yake ilichapishwa baadaye ndani ya kitabu kilichohaririwa na Nathan Shamuyarira. Jina lake ni Yoweri Museveni, na tangu 1986 ni rais wa Uganda.

Namsifu kwa safari ile. Alichukua wazo la kitabuni akalipeleka shambani, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ila nina neno. Kichwa cha tasnifu yake kinasema alikwenda kulithibitisha wazo la Fanon, na mtu anayekwenda kuthibitisha huona zaidi kile alichokifuata. Kijana wa Bureti, huku Kericho, anayeamini kwamba wakurugenzi ni wezi yumo katika hatari hiyohiyo. Kabla hujatoka, andika kwenye karatasi: ni kitu gani nikikiona nitakubali kwamba nimekosea? Karatasi ikibaki tupu, hujawa tayari kwenda.

"Umetumwa na nani?"

Sasa uko mlangoni kwa mtu, na daftari mkononi. Umesalimia, "Chamgei," umejibiwa vizuri, umeketishwa, labda umepewa mursik, maziwa ya mgando. Kisha mama mwenye nyumba anakutazama na kuuliza, kwa upole, "Mwanangu, umetumwa na nani?"

Anamaanisha: ni mheshimiwa gani huyu? Katika nchi hii karatasi yenye maswali huja kabla ya uchaguzi, na ikija mara nyingi nyuma yake pana mtu anayetafuta kura. Jibu kwa ukweli mtupu. Toa barua ya chuo. Mweleze kwamba hutaandika jina lake, kwamba anaweza kukataa swali lolote au kukuambia uondoke, na kwamba humpi chochote wala humwahidi chochote. Kitendo hicho kinaitwa ridhaa: mtu amekubali akijua anachokubali. Sahihi aliyoitia kwa sababu wewe ni mgeni na yeye ni mkarimu haijawa ridhaa.

Ndani ya mashamba makubwa uwe mwangalifu mara mbili. Huwezi kuingia kwenye laini, yaani nyumba za wafanyakazi, bila ruhusa ya mwenye shamba, na ukiingia kwa ruhusa yake wafanyakazi watakuona kama mtu wake. Februari 2023 filamu ya BBC iliwaonyesha wanawake wa mashamba ya chai ya Kericho wakieleza jinsi wasimamizi walivyowadai ngono ili wapewe kazi. Mei mwaka huohuo mashine za kuchuma chai zilichomwa moto na watu waliosema zinawanyang'anya riziki. Mahali penye mambo kama hayo, mtu akionekana kuzungumza nawe anaweza kupoteza kibarua. Utaona mwenyewe: mazungumzo yanakwenda vizuri, nyapara anapita njiani, na mama aliyekuwa akieleza habari za mashine anaanza ghafla kuzungumzia mvua. Usimrudishe. Funga daftari, zungumza naye mvua.

Kwa hiyo:

- Kutana na watu mbali na kazi, siku ya soko au baada ya kanisa, mahali walipopachagua wao.
- Uliza kwa lugha wanayoiota. Kipsigis kwa wazee wa Kipsigis, Kiswahili kwa wafanyakazi waliotoka mbali. Neno "utawala" kwa lugha moja si lazima libebe mzigo uleule kwa lugha nyingine, basi andika neno lenyewe walilotumia.
- Majina halisi yakae kwenye daftari moja, nyumbani, chini ya kufuli. Sheria ya kulinda data ya 2019 inakuhusu hata wewe mwanafunzi.

Kuhusu vibali, uliza idara yako mapema: leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Nyaraka za ofisi za umma ni haki yako chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba, na sheria ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Andika barua, itie tarehe, baki na nakala iliyopigwa muhuri. Kwa mambo ya kale, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi ina ripoti za kila mwaka za wakuu wa wilaya wa kikoloni, Kericho ikiwemo. Zisome ukikumbuka aliyeziandika alikuwa akimwandikia bosi wake.

Nakala ya tatu

Utafiti ukiisha, nakala moja ya tasnifu huenda idarani na nyingine kwa msimamizi. Alama zinatolewa, gauni linavaliwa, picha zinapigwa. Yule mama aliyekupa mursik na saa mbili za alasiri yake hasikii tena habari zako, mpaka aje mwanafunzi mwingine na daftari lingine amuulize yaleyale. Nimekutana na wazee waliohojiwa mara nyingi ambao hawajaona ukurasa hata mmoja wa walichokisema.

Basi chapisha nakala ya tatu. Iandikie kurasa mbili za mbele kwa lugha ya nyumbani, bila istilahi: niliuliza hivi, nikafanya hivi, nikakuta hivi, na hili sikuliweza. Siku ya kupima majani ipeleke kituoni, lori likichelewa uwasomee, na wakikubishia andika wanachobisha. Kisha umwachie mjomba.